Maji ya Kimya

Tangu aingie kazi za ndani katika nyumba ile ya Mirdif, Uarabuni, Dorcus hakuwahi kupewa ruhusa ya kwenda kanisani. Ni mbali, alisema madam Masuda. Jua kali, teksi ghali, na wageni hawakosi. Basi mwaka huu madam mwenyewe akapanda ndege mpaka kisiwa cha Wagiriki kufuata kanisa. Huko si mbali.

Chini ya kanisa hilo kulikuwa na kisima cha mtakatifu fulani aliyewapa wasiozaa watoto, wa dini yoyote, maana watakatifu hawaulizi viza. Madam akarudi na chupa ya kumnywesha binti yake Nada, aliyeolewa mwaka wa tatu na tumbo bado. Sharti lilikuwa moja, na nyumba nzima ilishatangaziwa: anayeyabeba maji asitamke neno mpaka mnywaji amalize. Akisema tu, baraka imetoka.

"Maji ya kanisani!" Bi Ghania, mama mkwe wa madam, aliguna. "Na Zamzam iliyomo kabatini imekosa nini?"

"Mama, hii ni dawa tu."

Dorcus alikuwa akifuta ngazi. Mama yake kule Mbale angepasuliwa wiki ijayo, na likizo yake ilishapitiliza mwaka. Kila akiomba, madam alijibu inshallah. Inshallah ya Ramadhani. Inshallah ya Idi. Inshallah shule zikifungwa, katika nyumba isiyo na mwanafunzi. Jina la Mungu limegeuzwa kufuli la kabati lenye pasipoti ya mtu.

Madam akaitoa chupa kwenye friji, akafumba midomo, akaanza kupanda. Juu walimngoja Nada, Bi Ghania na mume wa madam, sir Zahor. Dorcus alizoea kunyamazishwa. Leo ilikuwa zamu ya mwenye nyumba. Akamfuata nyuma, tambara mkononi.

"Madam, naomba niende kwa mama yangu wiki hii. Kama hapana, sema hapana."

Madam akatumbua macho.

"Dorcus wee!" Nada akacheka. "Umemvizia!"

"Madam amechoka na safari, sitaki kumsumbua. Neno moja tu."

Madam akatikisa kichwa mpaka chupa nayo ikatikisika.

"Hicho kizunguzungu cha ndege," Bi Ghania akaamua. "Mie mambo ya vichwa siyajui. Nilipoulizwa kama namtaka marehemu, nilinyamaza, shekhe akasema karidhia. Nimezaa saba kwa kunyamaza kule. Zahor! Mkeo karidhia. Mtolee mtoto wa watu pasipoti yake."

Zahor, ambaye tangu harusi yake alikuwa akingoja mtu mwingine aamue, akaenda kabatini.

Nada akapokea chupa. Hakuna aliyewahi kunywa maji polepole namna ile. Alipiga funda, akapumua, akasifu ladha, akafuta mdomo, akaanza tena. Chumbani Zahor alisikika kwenye simu: "Entebe, Alhamisi. Tiketi ya mtu mmoja. Yalla, ilete."

Tone la mwisho likashuka. Madam akalipuka.

"Nani kasema aende? Nani? Mimi nimesema?"

"Hukusema kitu, mwanangu," alijibu Bi Ghania. "Ndiyo maana anakwenda."

Dorcus alikuwa ameshafika mlangoni kwa Zahor, akiuliza Alhamisi saa ngapi.