Saba Mara Nane

Jumamosi mchana Msusi alifuta meza ya kulia chakula, akasogeza kopo la sukari, akafungua daftari jipya na kuandika: nusu jumlisha nusu. Chuo kilikuwa kimempokea kusomea ufundi wa maabara kwa sharti moja, afaulu kwanza jaribio la hesabu. Hesabu alizisoma zamani, wakaagana vibaya, na tangu hapo hawakuwahi kujuliana hali. Kwa hiyo alimchukua binti yake wa kidato cha pili awe mwalimu. Binti alikuwa amerudi likizo kutoka bweni, na nyumba nzima ilimwita Profesa, kwa kuwa hakuna jambo alilowahi kukubali kwamba halijui.

Msusi alijumlisha vya juu kwa vya juu, vya chini kwa vya chini, akapata robo mbili. Akapiga mstari chini ya jibu. Mezani palikuwa na mkate ambao mumewe, Dereva, alikuwa ameukata katikati. Vile vipande viwili vikasogeleana, vikaungana, vikawa nusu mkate.

"Mikate ya siku hizi wanaitengeneza midogo," alisema Dereva, akapaka siagi.

"Mama, umekosea," alisema Profesa. "Nusu na nusu ni moja."

"Si umeuona mkate mwenyewe?"

"Mkate nao umekosea."

Ndivyo ilivyofahamika kwamba popote Msusi alipokaa na kalamu, vitu vilifuata jibu lake, liwe sahihi lisiwe sahihi. Dereva alisema kila nyumba ina mambo yake. Siku iliyofuata Msusi alimpima paka akakosea kuweka nukta, kilo tatu nukta tano zikawa thelathini na tano. Paka akashuka kabatini taratibu, akachukua kiti cha Dereva. Dereva akahamia kwenye stuli. Halafu Msusi akatafuta mabomba mawili yangejaza tangi kwa muda gani, akapata saa hasi sita, na kweli, tangi lilikuwa limejaa tangu asubuhi.

Mama mkwe, aliyekaa chumba cha uani, akaja na ombi lake.

"Mwanangu, chukua haya maumivu ya magoti, uyagawe kwa sifuri."

"Bibi, kwa sifuri hatugawi," Profesa alisema.

"Kwa nini? Sifuri kawakosea nini?"

Profesa alifikiri sana, kisha akasema hilo ni somo la muhula ujao.

Lakini kilichoamsha mtaa ni saba mara nane. Msusi alikuwa na hakika tangu utotoni kwamba ni sabini na nane. Jedwali la saba lilipofundishwa darasani kwao, wasichana wote walikuwa nyumbani kwa mwalimu mkuu, wakimsugulia masufuria. Waliporudi darasa lilikuwa limeshafika jedwali la tisa, na hakuna aliyeona sababu ya kuwasubiri. Sasa Mwashi, jirani wa nyumba ya pili aliyemsikia akilikariri jedwali hilo, aliingia uani na matofali yake, akayapanga safu saba, kila safu manane.

"Shemeji, nihesabie hapa. Mimi macho yangu yamechoka."

Msusi akahesabu. Mwashi akaondoka na matofali sabini na nane, akipiga mluzi.

Kesho yake mstari ulifika barabarani. Watu walileta mayai, vigae na vifungo vya mashati, vyote vimepangwa saba kwa nane kwa uangalifu mkubwa. Mjane mmoja alileta wajukuu saba, kila mmoja na peremende nane mkononi, nao wakaondoka mashavu yamevimba. Ilikuwa wiki ya raha tupu. Watu walicheka bila kuambiwa kichekesho, na Dereva alicheza peke yake uani huku paka akimpigia mkia sakafuni.

Profesa, hata hivyo, aliendelea kufundisha, maana jaribio lilikuwa Jumatatu. Alhamisi Msusi alijumlisha tena nusu na nusu, akapata moja. Mkate ukakaa mezani, mzima, mnene. Msusi alicheka mpaka akakaa chini. Wengine wote wakautazama mkate kwa mashaka.

Kuanzia hapo kitabu cha majedwali kikawa hakikai mahali. Kilipatikana ndani ya pipa la unga, kisha chini ya paka, ambako hakuna aliyekuwa na nguvu za kukitoa. Mama mkwe alishikwa na homa kila Profesa alipofungua mdomo.

"Mama Profesa," alisema Dereva, "kwani lazima ujue? Sisi tunakupenda hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo vipi?"

"Hivyo usivyojua."

Aliyasema kwa upole, huku akimmenyea chungwa.

Msusi akala chungwa. Kisha akamshika Profesa mkono, wakajifungia bafuni, wakafungulia maji, wakaimba jedwali la saba kutoka mwanzo hadi mwisho, wakirudia kama wehu, wakipakana povu kila walipofika kwenye nane. Waliobaki nje walisikia vicheko tu, na havikuwafurahisha.

Jumatatu, katika chumba cha mtihani, msimamizi alikuja akainama kwenye dawati la Msusi. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Mama, swali la tisa," alinong'ona. "Maabara yetu ina makabati saba, kila kabati hadubini nane. Ukijibu kama ulivyozoea, chuo kitashukuru sana."

"Na mimi nitafaulu?"

"Hapana. Lakini utashukuriwa."

Msusi akaandika hamsini na sita. Makabatini hakikuongezeka kitu. Msimamizi akashusha pumzi ndefu, na baada ya kusahihisha akamwandikia kwamba amefaulu, kwa mwandiko wa mtu aliyedhulumiwa.

Nyumbani Msusi alimpima paka upya, paka akarudi kabatini. Dereva akapata kiti chake, akasema kinamuumiza mgongo. Majirani hawakugombana na mtu. Walihamia tu kwa Mfumaji, mwishoni mwa mtaa, aliyewahi kusoma darasa moja na Msusi na kusugua masufuria yale yale, na ambaye matofali yalimtii vilevile. Walimpa mto wa kukalia na kalamu mpya. Watoto wake waliombwa, kwa heshima, wasirudi nyumbani na vitabu.

Asubuhi ya kwanza ya masomo Msusi alipita chini ya dirisha la Mfumaji, koti jeupe mkononi.

"Shoga!" Mfumaji aliita. "Hebu nikumbushe, saba mara nane ngapi?"

Msusi akajibu. Mstari mzima, kuanzia mlangoni hadi barabarani, Dereva na mama mkwe wakiwa katikati, ukakohoa kwa pamoja. Msusi akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Wakakohoa tena, kwa adabu, mikono mdomoni.

"Ahsante, shoga!" alisema Mfumaji. Akaandika sabini na nane, na mstari ukasogea.