Sajini Amekaa

Mkandaji aliamini jambo moja, na ukimpinga angekununia mpaka umwombe radhi: mnyama hasemi, ila mwili wake husema. Farasi akichechemea, yeye hakutazama mguu peke yake. Aliuliza analala wapi, anakula nini, anamwogopa nani. Kisha alijipaka viganjani mafuta ya mkaratusi na karafuu, akamkanda kuanzia shingoni mpaka mkiani, na wengi walioingia wakiburuta miguu walitoka wakitembea. Sifa zikaenea, na sifa zina tabia ya kuziba masikio.

Kituo cha kukandia wanyama alikiendesha na dada yake mkubwa. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na mpaka leo alimgombeza kwa kutembea pekupeku kwenye sakafu ya baridi. Mkandaji hakuwa na mwingine duniani. Yeye alikanda, dada alishika chumba cha maji, ambamo farasi walitembezwa ndani ya bwawa la maji ya uvuguvugu ili viungo vilegee. Maji yalipashwa kwa gesi, na kila asubuhi dada aliuwasha mtambo kwa kiberiti, huku akiusema kama mke amsemavyo mume mvivu.

Ndipo akaletwa Sajini, mbwa mkubwa wa kazi, aliyestaafu kunusa mabomba ya gesi yaliyofukiwa ardhini. Nyonga zake zilikuwa zimechoka kiasi kwamba hakuweza kukaa. Alisimama, au alianguka kwa ubavu kama gunia. Mfunzi wake alimwacha pale machozi yakimlengalenga. Kabla hajaondoka, Mkandaji alimhoji juu ya usingizi wa mbwa, choo, chakula, hata hofu ya radi. Swali moja tu hakuliuliza: huyu akigundua kitu, hukuambiaje?

Akamkanda, akamwogelesha, akamfunika mataulo ya moto. Asubuhi moja Sajini alivuka ua akinusanusa, akafika kwenye ukuta wa chumba cha maji, akajikunja polepole huku nyonga zikitetemeka, akakaa. Kisha akamgeukia Mkandaji, akamtazama usoni.

"Dada! Njoo uone! Sajini amekaa!"

Dada alitoka na ndoo mkononi. Walikumbatiana wakacheka kama wasichana. Mkandaji akampa mbwa biskuti.

Kesho yake Sajini akakaa tena, palepale. Na keshokutwa vilevile.

"Mbona hapo tu, na ua wote huu?" dada aliuliza.

"Ukuta una joto, dada. Nyonga zake zinaujua." Akamtandikia blanketi hapohapo.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Siku zilezile Maringo, farasi aliyependa maji kuliko majani, aligoma mlangoni mwa chumba cha maji, macho yamemtoka. Mkandaji akasema mgongo umekaza kwa woga. Akampaka mafuta puani ili atulie, na maskini Maringo akaingia.

Utauliza, harufu je? Gesi inanuka, kila mtu anajua. Lakini kituo kile kilinuka mkaratusi na karafuu hadi kwenye mito ya kulalia, na pua za ndugu hawa wawili zilishakata tamaa zamani.

"Mimi machale yananicheza," dada alisema jioni moja. "Nikitoka mle ndani kichwa kinaniuma."

"Ni shingo hiyo. Kaa hapa nikukande."

Alimkanda mpaka maumivu yakaisha. Dada akamshukuru, akaenda kulala.

Siku mfunzi aliporudi kumwona mbwa wake, kulikuwa na upepo mkali wa baridi. Tangu usiku Mkandaji alikuwa ameagiza madirisha yote ya chumba cha maji yafungwe, misuli ya Maringo isije ikakaza. Farasi alikuwa amefungwa uani akingoja zamu yake. Mfunzi aliingia getini na mfuko wa biskuti, na Mkandaji akamvuta mkono kwa fahari.

"Usiseme kitu, kaka. We tazama tu."

Sajini alikuwa amekaa kwenye blanketi lake, kifua mbele, pua ukutani. Alipomwona bwana wake, mkia uligonga chini, lakini hakunyanyuka kumlaki. Uso wa mfunzi ukabadilika.

"Amekaa hapo tangu lini?"

"Wiki nzima! Kila siku, palepale, hata sisi..."

"Mama, huyu hakai kwa kupenda! Akikaa, amepata gesi! Nani yumo ndani?"

Mkandaji aligeukia chumba cha maji.

"Dada! Usiwashe! Toka!"

"Nini tena?" Ilikuwa sauti ya dada ya siku zote, ya kugombeza kidogo. "Ngoja kwanza, maji ya baridi haya. Nakuja."

Mkandaji alikimbia, pekupeku kama kawaida yake. Hakuufikia mlango. Ukuta ulitoka ukamjia.

Alipoinua kichwa, ua ulikuwa mweupe kwa vumbi na Maringo alikuwa amekata kamba, akizunguka ovyo. Mfunzi alikuwa ameshafunga gesi kule nje, sasa anafukua matofali kwa mikono huku akiita. Hakuna aliyemwitikia. Mkandaji naye akafukua, mpaka akaupata mkono wa dada yake. Akaushika. Akaanza kuukanda, vidole, kiganja, kifundo, taratibu, akingoja mwili useme. Haukusema kitu. Akaendelea kukanda, na mfunzi alipomshika bega akamsukuma.

Sajini, amejaa vumbi, alijikokota hadi pale lilipokuwa blanketi lake. Akajikunja, nyonga zikitetemeka, akakaa. Akamtazama Mkandaji usoni, akingoja biskuti yake.