Kukaanga Hewa

"Usinizungushe. Nimekuuliza, viazi viko wapi?"

"Viazi gani, dada? Umekuja kukagua mafuta au umekuja kula?"

Dada mtu alisimama katikati ya ua, fulana ya ukaguzi mwilini, chujio mkononi. Mbele yake makarai matatu yalikuwa yakitokota juu ya majiko ya gesi. Mafuta yalishaanza kugeuka kahawia na moshi ulichoma macho. Lakini ndani ya mafuta hamkuwa na kitu. Si kiazi, si samaki, si hata chembe ya unga. Ukutani yalipangwa madumu ya mafuta ya kula, mapya, mengine hata kifuniko hakijaguswa.

"Unakaanga hewa," alisema.

"Nakaanga hewa, ndiyo. Hewa haikopi, wala hailalamiki chumvi imezidi."

Kwa siku nyingine wangecheka wote wawili. Leo hakuna aliyecheka.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba mabasi na malori yatumie dizeli iliyochanganywa na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Yale yaliyokuwa yakimwagwa mitaroni sasa yakusanywe, na mashamba ya chakula yabaki ya chakula, si ya mafuta ya magari. Dada mtu aliiamini sera ile. Ndiye aliyepita jiko kwa jiko kuwashawishi wakaangaji wa mtaa wasimwage tena. Kisha ruzuku ikaingia, na mafuta machafu yakawa ghali kuliko yale safi. Watu wakaona mwanya: nunua mapya, yaunguze mchana kutwa, yauze jioni kama yaliyotumika. Kwenye kiwanda cha kuchanganya dizeli walishalalamika kwamba mafuta ya mtaa huu hayana hata harufu ya chakula. Wakipata pipa jingine la namna hiyo, kituo cha kukusanyia mafuta kinafungwa, na kila mkaangaji wa mtaa anakosa soko. Dada mtu alikuwa anamtafuta anayeyaunguza. Hakutegemea awe wa tumbo moja naye.

"Unajua nini kinakupata nikiandika hili?"

"Nafutiwa kibali. Nakijua kuliko wewe." Mdogo mtu alijifuta jasho kwa kitenge. "Sasa nisikilize na wewe. Mafuta yamepanda kwa sababu yote yanaingia kwenye magari. Nikikaanga viazi, bei inanilazimu nipandishe. Nikipandisha, mteja anageuza shingo. Nikikaanga viazi napata hasara, nikikaanga hewa napata faida. Mimi ndiye niliyeipanga hiyo hesabu?"

Hesabu ile ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomuuma dada mtu.

"Pitisha haya ya leo tu," mdogo mtu alisema, sauti imeshuka. "Dawa za mama zinatoka hapa, si kwenye mshahara wako wa kusuasua. Kesho narudi kwenye viazi. Haki ya Mungu, dada."

Mlango wa nyuma ukalia. Mama yao alitoka akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, maana macho yalikuwa yameanza kufifia. Kwa mkono wa pili alishika sahani.

"Wanangu, mbona mnagombana kama majirani? Nimesikia harufu ya mafuta tangu asubuhi, nikasema leo nitaletewa. Kimya. Haya, nimejileta mwenyewe. Nipeni hata viwili, vya moto."

Alinyoosha sahani kuelekea jikoni, mahali alipokuwa akisimama yeye mwenyewe miaka ile alipowalea kwa kukaanga.

Mafuta yalitokota.

"Bado havijaiva?"

"Hakuna, mama," mdogo mtu alisema, akitazama chini. "Leo hatukupika chakula."

"Sasa mnachoma mafuta ya nini?"

Mdogo mtu alimtazama dada yake kama mtu anayeomba asemewe. Dada mtu hakumsemea. Aliichukua sahani taratibu, akamshika mama mkono, akamkalisha kwenye kigoda.

Nje honi ililia. Dereva wa lori la kituo aliingiza kichwa getini. "Mama mkaguzi, tupakie?"

Mapipa yalikuwa manne. Matatu ni ya hewa. La nne dada mtu alilifungua, akachuja mafuta yake kidogo: makombo ya viazi yakabaki kwenye chujio, meusi, ya kweli. Lakini sheria ilikuwa moja: ua ukikutwa na udanganyifu, hakuna pipa linalotoka.

"Dada," mdogo mtu alinong'ona. "Nina wewe tu."

"Ndiyo. Mama anahamia kwangu leo jioni, na dawa zake ni juu yangu. Na wewe njoo ule kwangu mpaka usimame. Lakini haya hayapiti."

Alichukua kopo la rangi nyekundu kwenye mkoba. Akapiga msalaba pipa la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne mkono ulisita, kisha nalo akalipiga. Akaenda getini, akaking'oa kibao cha kibali kwenye msumari wake.

"Hatupakii," alimwambia dereva. "Nipeleke kituoni, nikaandikishe haya."

Akapanda mbele, kibao magotini, akavuta mlango.