Lundo la Ulezi Kwenye Kona ya Mwisho

Miaka kumi na miwili Adriano aliendesha magari ya mbio, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kushika usukani wa gari lililokuwa lake hata kwa msimu mmoja. Alianza akiwa na miaka ishirini na miwili, akitoka kubeba mahindi ya Muze kwa Fuso, pale dereva mmoja wa Mbeya alipolazwa kwa malaria na timu ikabaki na gari bila mtu. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kuitwa dakika ya mwisho. Iringa alikuwa wa pili hadi rejeta ilipopasuka. Morogoro alimaliza wa tatu, kisha wakamwondoa kwa sababu ya mkanda wa kiti uliopitwa na wakati. Tanga ilinyesha. Kila mwaka alikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo lililomchosha roho. Mtu ukikosa kwa uzembe unaweza kujirekebisha. Ukikosa kwa rejeta ya watu wengine utajirekebisha nini?

Safari hii mbio zililetwa Sumbawanga, kwao, na tajiri Lwitiko, muuza matairi wa Mbeya mwenye gari, alimwambia wakiwa wamesimama palepale kwenye kiwanja cha Katandala magari yalikoegeshwa.

"Ukiingia tatu bora, gari ni lako msimu mzima, na nje ya nchi utakwenda. Usipoingia, nampa mwingine. Ila nakuomba kitu kimoja, Adriano. Usiniletee maelezo. Nimeshiba."

Jumatano walipewa ruhusa ya kupita njia polepole ili waandike daftari la kona. Msoma ramani wake alikuwa Atusaye, mpima ardhi wa serikali aliyechukua likizo kwa ajili ya mbio, mwanamke anayeamini mita kuliko anavyoamini watu. Aliandika kila kitu: mita themanini, kushoto kali, mita mia mbili, daraja. Hatua ya mwisho ya mbio ilipita kijijini kwa kina Adriano, kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Muze. Hapo kulikuwa na mgongo wa kilima. Ukiupanda huoni barabara ng'ambo, unaona mbingu tu, na barabara yenyewe ikishafika juu inakata kushoto ghafla. Anayejua kona iko wapi anapita bila kupunguza mwendo. Asiyejua anakanyaga breki na kupoteza sekunde tano.

Adriano alijua. Ng'ambo ya mgongo, kwenye ukingo wa shamba la mama yake, lilisimama lundo kubwa la ulezi uliovunwa, na ncha yake ilionekana tangu chini, ikionyesha kona ilipo.

"Andika lundo kulia, gesi yote."

Atusaye hakuandika. "Kaka, nipe mti. Nipe nguzo. Lundo ni kitu cha kuhamishwa."

"Dada Atu, huu ni ulezi, siyo matofali. Unavundikwa hapohapo wiki tatu. Halafu mtu anapika pombe, anaalika majirani, ndipo unapurwa. Huyu mama namjua, hajawahi kupura bila pombe tangu nizaliwe."

"Sawa, ninyi Wafipa ndio wenye ulezi wenu," alisema Atusaye, akaandika kwa mwandiko wa mtu anayenuna.

Walisimama kumsalimia mama, Cornelia. Adriano alichuchumaa akapiga makofi ya salamu, akasema shikamoo, na mama akataka kuwawekea chakula. Hawakuwa na muda. Adriano, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na breki, akacheka akiwa tayari mlangoni mwa gari.

"Jumamosi, mama. Nikimaliza mbio nakuja kula. Lakini nataka ugali wa ulezi mpya. Ule wa mwaka jana mpe Atusaye."

Mama naye akacheka, wakaondoka.

Jumamosi gari lilimtii kuliko siku zote. Hatua ya kwanza alikuwa wa pili, ya tatu akaongoza. Walipofika mwanzo wa hatua ya mwisho alikuwa mbele kwa sekunde tisa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijiruhusu kuwaza msimu mzima, jina lake kwenye mlango, na simu ambayo haitamwita tena dakika ya mwisho.

"Mia mbili, mgongo," alisoma Atusaye. "Lundo kulia, gesi yote."

Adriano alikanyaga gesi hadi mwisho. Akatafuta lundo. Juu ya mgongo palikuwa na mbingu peke yake, nyeupe, kushoto mbingu na kulia mbingu. Akalitafuta tena, na huko kutafuta kwa mara ya pili ndiko kulikomponza. Mguu ulihama kwenda breki gari likiwa limeshapaa. Lilitua nje ya barabara, likakata mtaro, likalala ubavu kwenye mabua ya mahindi.

Hawakuumia. Walitoka kwa mlango wa juu, watu wakaja mbio wakaliinua, na gurudumu la mbele likabaki limelala chini kama sahani. Atusaye alifunga daftari, akalipangusa vumbi, akalitia mfukoni. Adriano angeshukuru kama angetukanwa.

"Nani kahamisha lundo?" aliwapigia watu kelele. "Nauliza, nani? Lilikuwa hapa Jumatano!"

Miaka kumi na miwili, na sasa ulezi! Clemens, jirani yao wa siku nyingi, alimtazama kwa mshangao.

"Si tulipura juzi? Mama yako alitupitia nyumba kwa nyumba. Tukamwambia, mama Adriano, pombe iko wapi? Akasema pombe mtanidai, mwanangu ameagiza ugali wa ulezi mpya Jumamosi. Tulipura mpaka jua linazama. Jana ameshinda anasaga."

Adriano alivua helmeti.

Mama alikuwa anakuja kwa kukata shamba, chungu kichwani, mkeka kwapani, kitenge kipya kiunoni. Hakuliangalia gari. Alimwangalia mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni, na alipoona ni mzima akashusha pumzi.

"Umewahi. Mlisema mtamaliza saa nane."

Akatandika mkeka ukingoni mwa shamba, mahali lilipokuwa lundo. Makapi bado yalikuwa yametapakaa chini. Atusaye alinawa wa kwanza, akakata tonge, akachovya kwenye maharage. Adriano alisimama na helmeti mkononi. Alitaka kupasua kitu. Alitafuta wa kumlaumu, na kila alipogeuka alikutana na maneno yake mwenyewe ya Jumatano, yakicheka mlangoni mwa gari.

Simu ikalia. Ilikuwa Lwitiko.

"Nimesikia. Haya, nieleze. Nini safari hii?"

Maelezo yalikuwepo, tena yalikuwa mazuri kuliko yote aliyowahi kutoa. Mama yake alikuwa anamnawisha mikono, akimmiminia maji polepole asilowanishe nguo zake za mbio.

"Hakuna, tajiri," alisema Adriano. "Nimekosea mimi."

"Gari litakuja kuchukuliwa kesho," alisema Lwitiko, na simu ikakatika.

"Nani huyo?" aliuliza mama.

"Mwenye gari."

"Ungemwambia aje. Chakula kipo kingi."

Adriano alikaa, akakata tonge. Ugali ulikuwa mweusi, laini, wa moto bado, na harufu yake ilikuwa ya utotoni kabisa. Ulikuwa mtamu, na utamu huo ulimuuma kuliko yote. Mama alimsogezea sahani ya maharage, akamwangalia akila.

"Uko kama ulivyotaka?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," alisema, akakata tonge jingine.