Minazi Saba ya Jumwa

Alasiri moja ya mwaka 1962, Salme alikuwa amekalia mbuzi uani kwao Junda, anakuna nazi ya wali, mamake alipotoka chumbani na kiatu kimoja mkononi akauliza baba yenu yuwapi. Baba alikuwa amekufa miaka kumi na tisa iliyopita.

"Bwana Abdillahi ametangulia mbele ya haki, Bi Mwanatumu," sauti ikajibu. "Na kiatu cha pili ki chini ya kitanda."

Salme aliitazama kwanza mbuzi aliyoikalia. Ilikuwa mti na chuma, kama siku zote. Aliyesema ni mbuzi yule mwingine, jike mweupe aliyefungwa kwenye mpapai. Bi Mwanatumu alimshukuru, akarudi ndani kuchukua kiatu.

Mambo yalikuwa yakimtoka Bi Mwanatumu tangu mwaka uliopita. Kila siku alimlisha mbuzi maganda ya muhogo kwa mkono wake, na kila ganda lilikwenda na jambo: leo jina la jirani, kesho idadi ya rakaa. Lililomtoka yeye lilimwingia mbuzi. Majirani walizoea upesi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoulizwa alisema mbuzi halazimiki kusali, ila kumkumbusha mja rakaa zake ni jambo la kheri, mradi asipayuke watu wakiwa kwenye hotuba.

Salme alishukuru. Mamake, ambaye hapo kwanza alikuwa akizunguka uani akilia kwamba arudishwe kwao, sasa aliuweka mkono shingoni mwa mbuzi akatulia. Mbuzi akimwambia hapa ni kwako, aliamini. Salme akimwambia, alimwona mwongo.

Ukingoni mwa shamba lao alikaa Jumwa, kibandani, chini ya minazi saba. Salme alipozaliwa, mamake alishikwa na homa maziwa yakamkauka, na Jumwa, aliyekuwa na kichanga chake, akamnyonyesha mwaka na nusu. Salme alimwita Mama Jumwa. Nazi zote alizozikuna maishani zilitoka kwenye minazi ile, maana Jumwa hakuangusha bila ya kuleta fungu.

Basi uhuru ukawa unanukia, na Nassor, kakake Salme, mwenye duka mjini, akataka kuliuza shamba kabla bendera haijabadilishwa. Akaja na mnunuzi, Bwana Yeslam, mtu mpole, tasbihi mkononi. Waliketi barazani na Bi Mwanatumu, mbuzi wake ubavuni, Salme akaleta kahawa. Bwana Yeslam alikuwa na swali moja. Huku pwani mchanga una mwenyewe na mnazi una mwenyewe. Je, minazi yote ni ya shamba?

"Yote," akasema Nassor.

"Saba ya ukingoni ni ya Jumwa," akasema mbuzi. "Bi Mwanatumu alimpa kwa ajili ya maziwa, pamoja na pa kukaa hadi kufa kwake. Alisema hayo jikoni, siku ya Arafa. Salme alikuwa wa miaka kumi na miwili, yuwakuna nazi."

Nassor akamgeukia mamake. "Mama, ulimpa Jumwa minazi?"

Bi Mwanatumu alifikiri sana. "Jumwa ndiye nani, mwanangu?"

"Mimi sikatai kauli ya mbuzi," akasema Bwana Yeslam. "Asema kwa mpango, wallahi. Lakini kesho kadhi ataniuliza, shahidi wako ni fulani binti nani? Huyu babake ajulikana?"

Hakujulikana.

"Basi nitatosheka na neno la Bi Salme. Wakumbuka, Bi Salme?"

Salme alikumbuka. Alikumbuka mpaka unga uliokuwa mikononi mwa mamake. Akamtazama kakake, mwenye nyumba waliyokuwa wakikaa, ambaye asubuhi ile alikwisha kumwambia kwamba asiyetaka kheri ya nduguye na atafute paa lake, yeye na mama na mbuzi wao. Akamtazama mamake.

"Sikumbuki," akasema.

Mbuzi akaendelea kucheua.

Shamba likauzwa, na mwezi uliofuata Jumwa alijitwika jiwe lake la kusagia, akaenda kwa mpwawe Katana huko Mariakani. Alipita kuaga. Salme alijificha jikoni.

"Mwambie Bibi nimekwenda," Jumwa akamwambia mbuzi. "Na mwanangu Salme mwambie sina kinyongo naye."

Mbuzi alimwambia. Alimwambia siku ile, na ya pili, na kila siku iliyofuata, kwa vile alikuwa hasahau.

Minazi ilikatwa kwa siku moja. Salme alijuta. Siku moja alikusanya maganda ya muhogo, akamlisha mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, moja moja, akinuia lile "sikumbuki" alilolisema barazani liwe kweli. Mbuzi alikula, akamlamba kiganja. Salme akangoja. Kichwani mwake jiko lilikuwa pale pale, na Arafa, na unga, na sauti ya mamake ikisema ni yako, Jumwa, Mungu ni shahidi na mtoto huyu pia.

"Mbona halitoki?" akauliza.

"Hujalisahau," akasema mbuzi. "Mimi silichukui lenye mwenyewe."

Salme akampa ganda la mwisho, akakalia mbuzi yake na kuendelea kukuna nazi ya kununua gengeni. Ng'ambo ya ua mafundi wa Bwana Yeslam walikuwa wakigonga mawe.

"Jumwa!" Bi Mwanatumu akaita kutoka chumbani. Jina lilikuwa limemrudia ulimini, bila ya mwenyewe. "Jumwa! Mbona huitiki?"

Mbuzi alikuwa na ganda kinywani.

"Abee, Bibi," akaitika Salme.

"Salme amenyonya?"

"Amenyonya, Bibi."

"Ameshiba?"

Salme aliinamia nazi.

"Ameshiba," akasema, na mbuzi hakumsahihisha.