Mikorosho Kumi na Tisa ya Mfaume

Biasha alifika darasani saa tisa alasiri akiwa ameshika jino lake kiganjani. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye pindo la kanga. Wanafunzi wangu, watu wazima wenye wajukuu, waliweka kalamu chini.

"Mwalimu," aliniambia, "leo kusoma siwezi. Leo niandikie."

Shemeji yake Twalibu alikuwa amemkuta akiokota korosho, akampiga mdomoni kwa mpini wa jembe. Haikuwa mara ya kwanza. Mfaume, mume wa Biasha, alikuwa akipakua mizigo bandarini Mombasa kwa mwaka wa nne sasa. Barua zake zilikuwa zimekatika tangu Ramadhani, na Twalibu akaanza kutangaza kwamba kaka yake amekufa. Mikorosho ya Mfaume ni yake, alisema, na mjane arudi kwao na wanawe watatu. Bila korosho wale watoto wasingekuwa na chakula wala nguo.

Lakini Mfaume hakuwa amekufa. Dereva mmoja wa lori alimwona Mombasa, mguu umevunjwa na kreti la mashine, hawezi kusafiri.

"Maneno ya dereva ni upepo," alisema Mzee Mwinjuma, balozi wetu wa nyumba kumi, tulipomwendea. "Mfaume mwenyewe asimame mbele ya afisa wa serikali yetu kule, kwenye ubalozi mdogo wa Mombasa, aape kuwa yu hai, aseme mali yake anamwachia nani, agongewe muhuri. Karatasi hiyo ikifika, Twalibu nitamfunga kamba mimi."

"Balozi wa nyumba kumi tunaye," alidakia mzee mmoja barazani. "Huyo wa Mombasa ana nyumba ngapi?"

Watu walicheka. Biasha naye alicheka, akaushika mdomo kwa maumivu.

Ilikuwa mwaka 1970. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miezi mitano nyuma, nikaletwa huku Kisarawe kusimamia elimu ya watu wazima, na niliamini kwamba hakuna dhuluma isiyoweza kushindwa na maandishi mazuri. Usiku huohuo niliandika tamko la kumpelekea Mfaume: kwamba yeye, akiwa hai na mwenye akili timamu, anamkabidhi mkewe Biasha shamba lake la ekari nne, kutoka kisimani hadi njia ya Masaki, alitunze kwa niaba yake mpaka atakaporudi. Nilitaja mipaka yote minne. Nilijivunia sana ile mipaka.

Wiki saba tulingoja. Katika wiki hizo Twalibu alichoma banda la jiko la Biasha mchana kweupe, akasimama pembeni na panga mkononi ili mtu asizime. Hakuna aliyezima. Mimi nilikwenda na ndoo, nikafika majivu yakifuka.

Karatasi ilirudi na yule dereva, imekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Mfaume alikuwa ameinakili neno kwa neno, ameapa, na afisa wa ubalozi ametia sahihi na muhuri wa zambarau. Biasha aliugusa muhuri kwa kidole kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala.

Baraza lilikutana mbele ya ofisi ya tawi la TANU. Niliisoma karatasi kwa sauti kubwa. Nilipomaliza, wanawake walipiga vigelegele. Twalibu alikuwa amechuchumaa, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Kaka yangu yu hai, alhamdulillahi," alisema. "Kampa mkewe shamba. Nami nakubali, udongo wote auchukue. Miti je?"

Sikumwelewa. "Miti imo shambani, ndugu Twalibu."

"Imo, lakini haikutajwa."

Vigelegele vilikatika. Niliwageukia wazee.

"Mwalimu," alisema Mzee Mwinjuma polepole, "kwetu ardhi ni jambo moja na mti ni jambo jingine. Mtu anaweza kuwa na mkorosho kwenye shamba la mwenzake, na mwenye shamba asichume hata tunda. Miti ya aliyesafiri inatunzwa na ndugu yake wa tumbo moja, mpaka mwenyewe ataje mtu mwingine. Jambo hili Mfaume analijua. Kwa nini hakuandika?"

"Niliandika mimi," nilisema. "Yeye alinakili."

"Ndiyo hivyo," mtu alisema nyuma. "Nani angemsahihisha mtu wa chuo kikuu?"

Nilikulia Soga, kwenye nyumba za reli, ambako hatukuwa na hata mpapai wa kuuita wetu. Nilisimama pale na karatasi yangu.

"Mwana wa reli!" Twalibu alinipigia makofi. "Ahsante kwa kazi nzuri."

Kesho yake Biasha aliingia chini ya mikorosho na kikapu chake kama kawaida. Nilikuwa njiani niliposikia ukelele. Nilipofika, Twalibu alikuwa ameshamkata mara moja, na mkono wa kulia wa Biasha ulikuwa umefunguka kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo, nyama nyekundu, mfupa mweupe. Hakuwa akikimbia. Alikuwa amemng'ata Twalibu kwenye bega na hamwachii, huku jamaa akijaribu kugeuza panga. Nilimrukia. Alinipiga kwa ubapa wa panga sikioni nikaanguka, akanikanyaga mbavu, nikasikia ubavu mmoja ukilia kama ukuni mkavu. Wanaume watatu waliokuwa wakipalilia jirani ndio waliomkamata, na haikuwa kazi rahisi.

Tulimpeleka Biasha hospitali ya Kibaha kwenye lori la mkaa. Njia nzima nilibana mkono wake kwa shati langu. Nililia, nikamwomba msamaha.

"Nyamaza, mwalimu," alisema, midomo imekauka. "Unatikisa mkono."

Siku ya nne aliweza kukaa. Aliniambia nichukue daftari. Akanitajia miti yote kumi na tisa, mmoja mmoja, kama mtu anavyotaja watoto: wa kisimani, wa pacha, ule uliopigwa radi, ule wa kichuguu. Safari hii nilimwandikia Mfaume barua ya namna nyingine. *Usinakili,* nilimwambia. *Mimi sijui kitu. Futa, ongeza, sema unavyosema kwenu, kisha ndipo uende ubalozini.*

Polisi walimweka Twalibu ndani majuma matatu, kisha akatoka kungoja kesi. Karatasi ya pili ilifika siku ya tano baada ya yeye kutoka. Habari zake zilimfikia kabla hatujaita baraza.

Asubuhi hiyo tulisikia shoka. Tulipofika shambani, kijiji karibu kizima, miti sita ilikuwa imelala na Twalibu alikuwa anajiandaa kuukata mti wa saba. Biasha alipita katikati yetu, mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni, akaegemeza mgongo wake kwenye shina.

"Toka, nitakupasua," Twalibu alisema.

"Pasua."

Aliinua shoka. Mimi sikuwa na kitu isipokuwa karatasi, basi nikasoma. Nilipiga kelele badala ya kusoma. Mimi Mfaume, niko hai. Miti yangu ninayomkabidhi mke wangu Biasha ni hii. Wa pacha. Wa radi. Wa kichuguu. Shoka lilibaki hewani. Nikafika mstari ambao Biasha hakunitajia, maneno ya Mfaume mwenyewe:

"Mkorosho wa kisimani haumo katika hesabu hii. Mama alizika kitovu cha ndugu yangu Twalibu chini yake. Huo ni wake, na wa watoto wake, siku zote."

Twalibu aligeuza kichwa. Mkorosho wa kisimani ndio wa kwanza shambani. Ndio aliouanza alfajiri. Ulikuwa umelala kifudifudi, majani bado mabichi, kisiki chake bado kinatoka utomvu.

Shoka lilimtoka mkononi. Hapo ndipo watu walipomvamia, watu walewale waliotazama jiko likiungua. Walimpiga ngumi, magongo na mateke, mpaka akawa anatoa sauti isiyo ya mtu. Nilivuta mmoja, nikasukumwa, mbavu zikanishinda. Nilimtazama Biasha ili aseme kitu.

Alikuwa anangoja. Nilimwona akingoja, na sijapata kumlaumu.

"Basi," alisema hatimaye. "Nimesema basi! Mkimuua, nani atamwambia Mfaume?"

Waliacha. Twalibu alitambaa mpaka kwenye mti wake ulioanguka, akaweka uso kwenye gome, mabega yakitikisika. Mzee Mwinjuma alimwagia maji kichwani kwa kata.

Biasha hakumtazama tena. Alibaki ameegemea shina, anapumua kwa nguvu, kitambaa cha mkono kimeanza kulowa wekundu.

"Endelea, mwalimu," alisema. "Soma iliyobaki, na hawa wote wasikie."