Bluu Hadi Viwikoni

Mkemia alitoa bakuli tanuruni, akaliacha lipoe, kisha akasaga oksidi ya zinki ikawa unga mweupe pe. Kwa macho huoni chembe. Kwa hadubini ni kama maua ya miiba. Ukiutia kwenye maji ya rangi na kuyaanika juani, rangi inakatika yenyewe. Akaubeba hadi juu ya paa la maabara, kwenye mapipa ya maji ya mtoni.

Mdogo wake alikuwa amekaa kando ya pipa. Alifariki mwaka jana, baada ya kuchovya vitambaa kiwandani tangu usichana wake. Mikono ilikuwa bado ya bluu hadi viwikoni.

“Umekonda,” mkemia alimwambia.

“Na wewe huli, dada. Nisafishe. Nimechoka kutazamwa huko kwa wafu.”

Mkemia akamkorogea unga kwenye beseni. Jua lilikuwa kali. Bluu ikaanza kutoka vidoleni, na vidole vikatoka nayo. Rangi ilikuwa imemwingia mwili mzima. Chini yake hapakubaki kitu. Mkemia akamchomoa mikono, akampigia mama yao simu.

Mama alifika akihema kwa ngazi. Alimvika bintiye sweta lake, wakaenda wote watatu kiwandani. Meneja akawapa viti, akasikiliza habari ya mikono na ya unga.

“Poleni sana, mama. Lakini bluu hii tulishaiacha. Siku hizi ni nyekundu.”

“Na maji yake mnayapeleka wapi?” mkemia aliuliza.

“Mtoni,” meneja alijibu kwa upole. “Si mna unga?”

Waliporudi, mdogo mtu akaingia pipani mwenyewe, maji yakamfika shingoni. Mama akafungua mwavuli akamkinga, maana kivulini unga haufanyi kazi. Mkemia alitaka kumpokea, akakataa.

“Mama, funga.”

“Kidogo tu, mwanangu.”

“Mama.”

Mama akaufunga. Mkemia akakoroga taratibu, unga usije ukatuama. Uso ndio uliotoka mwisho.

Maji yalibaki meupe, halafu yakatakata. Mama akauliza kama yananyweka. Mkemia akayachuja, akamjazia kikombe. Mama akakaa chini, akanywa polepole mpaka tone la mwisho, akaomba kingine.

Mkemia akamjazia tena, kisha akachukua ndoo, akashuka mtoni kuteka maji mekundu.